Skrubu ya Nyuma ya Mashine ya Baba

Keumbu,
9 Juni 2025

Ndugu yangu Ogeto,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na watoto. Natumaini wewe na Roselyne hamjambo, na kwamba mguu wake umepona. Sisi tuko salama, ila mvua imetuzidi. Nimekupigia simu wiki nzima na hupokei, basi nimeshika kalamu.

Fundi wako Duncan alikuja hapa juma lililopita. Alinieleza kwamba redio za walinzi alizorekebishia kile kiwanda cha chai huko Gesima zinasikilizana zenyewe kwa zenyewe tu. Zikiita redio mpya ambazo yeye hakuzigusa, ni mkwaruzo mtupu. Kiwanda kimevunja mkataba, nawe ukamfukuza mbele ya wateja ukisema mikono yake ni ya kubebea ndizi. Sasa anabeba ndizi kweli, hapa sokoni, na hakuna duka la redio Kisii nzima linalomtaka. Aliniapia kwamba kila redio aliipima kwa kipima masafa cha Baba, kile cha namba zinazowaka rangi ya chungwa ndani ya vichupa, na namba zilikuwa sawa. Akaniuliza amekosea wapi.

Unajua Baba alivyoiheshimu mashine ile. Aliiwasha asubuhi, akaiacha ipate joto saa nzima kabla ya kuiamini. Miaka kumi na mmoja nilikaa kando yake nikijifunza kazi, wewe ukiwa Nakuru unauza viatu. Lakini tulipomzika, wazee walisema binti aliyeolewa ana kwake. Ukapewa duka na mashine, mimi nikapewa sufuria. Nawe ulicheka, Ogeto. Uliniambia nikasonge ugali, redio ni za wanaume. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, sitakuficha.

Sasa nisikilize. Siku ile ya mazishi, mlipokuwa mkila nje, niliingia dukani. Nyuma ya mashine kuna tundu dogo, na ndani yake skrubu inayoweka kipimo sawa. Baba alinionyesha mimi peke yangu. Niliizungusha. Tangu hapo mashine inasema uongo, na kila redio iliyopimwa nayo imefuata uongo huohuo. Nilitaka uaibike wewe. Duncan sikumfikiria hata kidogo, na hapo ndipo nilipotenda dhambi.

Kwako siombi radhi. Yeye nimemwomba jana, nikampa karatasi yenye maungamo haya na sahihi yangu, aipeleke kiwandani na amwonyeshe fundi yeyote anayemcheka. Aliisoma yote, kisha akaniuliza kama najuta. Nilimwambia najuta kwa ajili yake tu. Kwamba wewe umepoteza kazi ya kiwanda, bado nafurahi. Aliondoka bila kuniaga.

Msalimie Roselyne na wanao wote. Mungu awatunze.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Persis