Nilimwandika Chuoni, Naye Yuko Kiwandani

Kwako Bi. Nduku wa safu ya ushauri,

Pokea salamu zangu kutoka Mumbuni, Machakos. Sijui kama hili ninaloandika ni swali au ni kuungama, lakini nimelibeba wiki tatu sasa na mbali na mume wangu sina mtu wa kumwambia ambaye hataniangalia kwa jicho lingine kesho yake, kwa hivyo naomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule moja ya upili, na pia ndiye ninayewasaidia wanafunzi wanaomaliza kuchagua kozi na vyuo. Mwaka jana ofisi ya elimu ilituletea kazi mpya. Walitaka kila shule ieleze, katika mfumo wa takwimu za serikali, kila mwanafunzi aliyefanya mtihani wa kidato cha nne alifika wapi, kama alijiunga na chuo, kama hakujiunga, au kama hapatikani, na walitueleza wazi kwamba nia yao ni kuwatafuta walioachwa nyuma ili wapewe nafasi ya pili. Nilikuwa na majina mia moja na kumi na manane na siku nne za kuyamaliza.

Nilipiga simu. Nambari nyingi zilikuwa za wazazi, nyingine zimebadilishwa, nyingine zinalia tu, na mzazi mmoja alidhani mimi ni tapeli akanikatia. Kufikia Ijumaa saa nane mchana nilikuwa nimewapata sabini na sita, na mwalimu wetu mkuu, nimwite Bw. Kimanzi, akaja mezani pangu akaniambia nisipeleke orodha yenye mapengo, niweke ninavyojua kwa sababu ni mimi ninayewajua watoto hawa, na kusema kweli hakunilazimisha, nilikuwa nimechoka na nilifurahi kuambiwa hivyo. Wale arobaini na wawili waliobaki nikawajaza kwa kukisia.

Mmoja wao nitamwita Syombua. Kwake sikuona hata kwamba ninakisia. Alikuwa amepata B+, na miezi michache kabla ya hapo alikuja shuleni kunionyesha barua ya kuitwa chuo kikuu kusomea uuguzi, akiishika kwa ncha za vidole isichafuke, nikamnunulia soda. Nilipofika kwenye jina lake nilibofya "Amejiunga" bila kupiga simu hata moja, na mfumo ukaandika jina langu chini yake, kwamba mimi ndiye niliyethibitisha. Muhula uliofuata shule yetu ilisomwa mkutanoni miongoni mwa zile zilizopeleka wanafunzi wengi vyuoni, tukapigiwa makofi, nami nikasimama kuyapokea.

Wiki tatu zilizopita Syombua alikuja kuchukua cheti chake. Nilidhani yuko likizo, nikamuuliza chuo kinaendeleaje. Alitabasamu kidogo akaniambia hakuwahi kwenda. Wiki ile ya kuripoti mama yake aliteleza kwenye matuta ya shamba lao huko Masii akavunjika nyonga, baba alishafariki, wadogo zake wako shule ya msingi, kwa hivyo ni yeye aliyemgeuza mama kitandani, akampikia na kumwogesha kwa miezi mitano, na mama alipoweza kusimama na gongo nafasi ya chuo ilikuwa imeshapita. Sasa anashona kola za mashati katika kiwanda kimoja pale EPZ, eneo la viwanda la Athi River. Alinieleza haya yote bila kulalamika, kisha akaniomba jambo moja.

"Madam, Kitheka wa darasa letu alipigiwa simu na ofisi ya elimu akapewa nafasi ya pili. Hata Ndunda pia. Mimi nimengoja tangu Januari na sijapigiwa. Unaweza kuniangalilia kama niko kwa hiyo orodha?"

Nikafungua kompyuta. Alikuwa ameketi upande ule mwingine wa meza na hakuweza kuona kioo. Nikaandika nambari yake ya mtihani, jina lake likaja, na mbele yake neno Amejiunga, na chini yake jina langu mimi. Bi. Nduku, nilimtazama mtoto yule usoni nikamwambia mtandao umepotea.

Akasema, "Si neno, Madam. Pengine wanaanza na wale wako na shida kunishinda." Kisha akaniachia mapapai mawili aliyotumwa na mama yake, akaondoka kuwahi zamu.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti vizuri. Mume wangu ananishauri nimwombee nafasi kimyakimya bila mtu kujua, na nilijaribu, lakini mfumo ulikataa, ukasema mtahiniwa huyu tayari yuko chuoni. Nikamwendea Bw. Kimanzi. Alifunga mlango akaniambia kwa upole, wala si kwa ukali, kwamba marekebisho yanahitaji barua ya kukiri kosa yenye sahihi yetu sote wawili, na ofisi ikiona kosa moja itataka kuwaona wote arobaini na wawili, na kwamba nikumbuke ninangoja kuthibitishwa kuwa naibu wake. Halafu akaniambia, "Msichana ana kazi, Mwalimu. Wangapi hawana?"

Mfumo unafungwa kwa marekebisho tarehe thelathini mwezi huu. Moyoni najua lazima nirekebishe, sitakudanganya wewe pia. Ninalokuuliza ni hili: ni lazima Syombua ajue kuwa ni mimi? Hunitumia ujumbe wa salamu kila Jumapili. Anadhani mimi ndiye mtu wake pale shuleni. Naogopa kupoteza cheo, lakini naogopa uso wake zaidi.

Ni mimi,
Mwalimu wa Mumbuni

*

Mwalimu,

Jibu hili nilikutumia kwanza kwa simu, kwa sababu tarehe thelathini haingoji gazeti. Ninalichapisha sasa kwa ruhusa yako, na ya msichana pia, kwa kuwa najua si wewe peke yako. Walimu wengi katika kaunti hii wamewahi kupewa orodha ndefu na siku chache.

Nianze kwa kukupa haki yako. Hukumwandika Syombua chuoni kwa ubaya. Ulimwandika pale kwa sababu uliiona barua yake na ukaamini yuko mahali ulipomtakia awe. Nilifundisha miaka kumi na tisa, na ninajua mwalimu anavyoweza kumjua mtoto hata akasahau kumuuliza. Ulimpenda ukakosea. Hilo linasameheka upesi.

Ila mtandao haukupotea, Mwalimu. Hapo hukuwa umechoka, hukuwa na orodha ndefu, na hakuna aliyekuja mezani kukusukuma. Ulikuwa na msichana mmoja mbele yako, na ulijiokoa wewe ukamwacha yeye. Nakuambia hivi kwa sababu katika barua yako yote umelieleza lile kosa la kwanza kwa mistari mingi na hili la pili kwa mstari mmoja, na ni hili la pili linalokunyima chakula.

Unauliza kama ni lazima ajue. Ndiyo, ni lazima. Soma tena maneno yake uliyoniandikia mwenyewe. Anasema pengine wanaanza na walio na shida kumshinda. Mtoto huyu amekaa tangu Januari akijitungia sababu za kuachwa, na amechagua ile inayomdunisha. Ukirekebisha kimyakimya atapigiwa simu siku moja na atashukuru bahati. Hatajua kamwe kwamba serikali haikumpima ikamwona hafai, kwamba jina lake halikuwa hata kwenye orodha ya kupimwa. Hilo ni lake kulijua, na ni wewe tu unayeweza kumwambia.

Kuhusu kazi yake, mwambie Bw. Kimanzi kwa heshima kwamba takwimu zile hazikuuliza kama msichana ana kazi. Ziliuliza kama yuko chuoni. Kushona kola ni kazi ya halali na haina aibu yoyote, lakini kama atabaki nayo au la ni juu yake. Nyinyi wawili hamuwezi kumwamulia mkiwa mmefunga mlango.

Mume wako anakupenda na anataka usiumie. Mshukuru, lakini usimfuate.

Sasa fanya hivi. Jumapili hii nenda Athi River mwenyewe. Usimwambie kwa simu, na usimwite shuleni, kwa sababu pale wewe ni Madam naye ni mwanafunzi. Mwambie kila kitu, na ule mtandao pia. Ukisikia machozi yanakuja, yazuie mpaka ufike nyumbani, maana ukilia mbele yake itabidi akubembeleze, na hukwenda kubembelezwa. Usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo. Akinyamaza, nyamaza naye.

Jumatatu andika barua kwa ofisi ya elimu kwa jina lako, umpelekee mwalimu mkuu aitie sahihi. Usimuulize kama uipeleke. Mwarifu kwamba unaipeleka. Akikataa, ipeleke ikiwa na sahihi yako peke yake na ueleze kwa nini. Kisha wachukue wale arobaini na mmoja wengine uanze kupiga simu upya. Utakayempata, mwandike alipo. Usiyempata, andika hapatikani. Pengo ulilokuwa unaliogopa ndilo lililotakiwa, kwa sababu ofisi ikiona pengo hutuma mtu kuuliza.

Kuhusu unaibu, sitakupa matumaini nisiyo nayo. Unaweza kuukosa. Ukiukosa itauma, na bado utakuwa mwalimu, na watoto wa kidato cha nne wa mwaka huu bado watahitaji mtu wa kuwaambia ukweli kuhusu walipo na wanapoweza kufika. Wewe nenda.

Nduku

*

Siku kumi na sita baadaye mwalimu aliniandikia tena. Nayaweka maneno yake kama yalivyokuja.

Bi. Nduku, nilienda. Tulikaa kwenye benchi nje ya kanisa lake, watu wakitoka misa ya pili. Nilimwambia yote. Alikunja na kukunjua ukingo wa leso yake, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hivyo ile siku mtandao ulikuwa?" Nikamwambia ulikuwa. Akainuka akasema anaenda kupika. Sikulia mpaka nilipofika Mumbuni.

Bw. Kimanzi alikaa na barua siku mbili bila kuniongelesha, halafu nikaikuta mezani pangu ikiwa na sahihi yake. Sijui ni nini kilimbadilisha na sikumuuliza. Ofisi imenitaka nijieleze kwa maandishi, na jambo la unaibu limesimamishwa. Kati ya wale arobaini na mmoja nimewapata thelathini. Kumi na wanane hawako chuo chochote. Mmoja wao, kijana anaitwa Kiema, aliniuliza mara tatu kama kweli ni shule inayompigia, kwa sababu alidhani tulishamsahau.

Syombua hakunitumia salamu Jumapili iliyofuata, na nilikubali kwamba imeisha. Jana jioni simu ikalia, ni yeye. Ofisi ya elimu ilikuwa imempigia. Uuguzi kule alikoitwa mwanzo umejaa, lakini kuna chuo cha mafunzo ya afya kinachoweza kumchukua Septemba, na mama yake amesema sasa anaweza kujipikia.

Sauti yake haikuwa ile ya zamani. Aliniambia, "Madam, sijamaliza kukasirika. Lakini niko na hii fomu hapa na kuna mahali sielewi. Unaweza kunisaidia?"

Nikachukua kalamu. Tuliijaza kwa simu, sehemu moja baada ya nyingine, na hata yale niliyodhani nayajua nilimuuliza yeye kwanza.