Mkate wa Chiriku

Nyumba ya Uani,
Nyuma ya Soko.
Jumatano, 12 Machi.
Asubuhi: manyunyu hadi saa mbili, kisha jua.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Uliandika kwamba ngazi zinakutesa. Nataka kujua kama umeanza kutumia ile fimbo au bado unaona aibu. Sisi wote wazima, na safari hii nikisema wote namaanisha hata Chiriku, bintiye kaka.

Ulipokuja mara ya mwisho ulisema mtoto ana mdomo mkubwa kuliko mwili. Miaka mitano, kilo kumi na mbili, tumbo limejaa gesi, na kila usiku anaamka akilia, amelishika tumbo. Tulimpa dawa ya minyoo, tukamwongezea mayai na maharage, lakini wapi! Mwishoni mwa Novemba daktari alimpima, akatuambia chakula kinaingia ila virutubisho havifiki mwilini. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijinyuzi kama vya taulo, ndivyo vinavyofyonza chakula kilichomeng'enywa. Vya Chiriku vimechakaa. Kinachovichakaza ni gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, ile inayolishika donge la mkate lisikatike.

Kaka hakungoja amalize. "Ile inayovutika!" alisema, huku mikono yake ikivuta hewa kama donge. Ulimfundisha kuoka wewe mwenyewe, Mjomba. Miaka kumi na tisa anapima kila donge kwa kulivuta, ila hakujua kwamba kile anachokipima kina jina.

Siku hiyohiyo mkate, biskuti na kila kitu cha ngano vilitoka nyumbani. Wiki tatu zikapita, mtoto bado analia usiku. Mimi, kama unavyonijua, nilikuwa naandika kila mlo na kila choo kwenye daftari langu. Tarehe 21 Desemba nilipitia kurasa zote kwa rula, nikaona jambo: usiku wa Jumapili ndio pekee aliolala bila kuamka. Na Jumapili bekari hufungwa. Siku nyingine kaka hurudi saa tisa mchana na unga hadi kwenye nyusi, Chiriku anamrukia, anabebwa, kisha anamenyewa chungwa kwa mikono ileile.

Nilimwonyesha daftari. Alilisoma taratibu, akatazama viganja vyake.

"Kwa hiyo ni mimi ninayemuumiza."

"Si wewe, ni unga," nikamwambia.

"Na huo unga kaubeba nani?"

Wifi akadakia kutoka jikoni: "Baba Chiriku, usijifanye gunia. Unga unaoshwa. Inuka ukaoge!"

Akaoga. Tangu hapo haingii ndani na nguo za kazi. Hata zile ndevu alizoiga kwako amezinyoa. Chiriku humngoja mlangoni, mikono nyuma, akipiga kelele: "Masikio, baba! Umesahau masikio!" Naye hurudi bombani, hata akiwa amechoka hoi. Sijamsikia akinung'unika hata mara moja.

Halafu likaja suala la mkate. Mtoto wa mwokaji kunyimwa mkate ni mateso, Mjomba. Tangu Jumapili ya kwanza ya Januari kaka amekuwa akimwokea nyumbani, kwa sufuria mpya na chekecheo jipya, unga wa mchele na muhogo anaousaga mwenyewe, maana mashine ya mtaani husaga na ngano. Wa kwanza ulitoka kama tofali. Wifi aliugonga mezani, akasema, "Huu tumpelekee fundi amalizie ukuta." Ilishindikana mara tisa, tarehe zote ninazo. Kila Jumapili aliniambia nimsomee makosa ya wiki iliyopita, kama mwanafunzi, yeye anayeamrisha watu sita bekarini.

Jumapili iliyopita aliongeza mayai na ndizi mbivu, akapunguza moto. Chiriku alikula kipande kizima bila kusema neno. Chiriku, kimya! Kisha akanyoosha sahani: "Baba, kingine." Kaka akatoka kwenda kunawa uso, na uso ulikuwa safi.

Leo mizani ya kliniki imesoma kilo kumi na nne.

Sasa sababu ya barua. Kaka hataki uambiwe. Anaogopa utaona ameidharau kazi uliyompa, kwa kuikung'uta mlangoni kama uchafu. Mimi naona hajawahi kuifanya vizuri zaidi, na ningependa hilo alisikie kwako, si kwangu. Na ukija Aprili, tafadhali mkoba wako uje bila biskuti. Jiandae pia kukaguliwa masikio.

Msalimie mkazamjomba na binamu zangu wote wawili, hasa yule mpiga gitaa. Mwenyezi Mungu akutunze, kuanzia hilo goti kwenda juu.

Mpwa wako akupendaye,
Mwenye Daftari

Alhamisi asubuhi, kabla sijabandika stempu: jana nililala saa nne kasoro dakika kumi. Chiriku alikuwa amelala tangu saa mbili, na hakuamka hadi kulipokucha.