Jina Lililokwenda Chini

Kwa Dada yangu Kochuthresia,

Pokea salamu tele kutoka kwangu mimi mdogo wako Lonappan, hapa Kochi, ambako mvua imekwisha ila matope hayajapata habari. Natumai barua hii itakukuta mzima, magoti yamekupunguzia maumivu, na yule ng'ombe wako mkorofi ameacha kumpiga teke mkwe wako. Mimi sijambo. Meno yamebaki machache, lakini yaliyobaki ndiyo yale hodari. Nawe Davis, mpwa wangu, salamu. Najua ni wewe unayemsomea mama, maana miwani yake aliikalia siku ya Pasaka na hataki nyingine. Msomee polepole, na pale ninapojisifu usiruke. Nimesikia huwa unaruka.

Dada, siku hizi situlii. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kwenda kivukoni, nikifika kivukoni sijui nimefuata nini. Elamma mke wangu anasema nimekuwa kama kuku anayetaka kutaga asiyeona pa kutagia. Nikamwambia kuku wa aina yangu hutaga yai la dhahabu. Akasema basi taga, watu tupumzike.

Kinachonihangaisha ni meli. Kuna manowari mpya kwenye kiwanda cha meli, kijivu, ndefu kama uongo wangu (maneno yako hayo, si yangu), na puani wameitundikia kitambaa mahali jina linapokaa. Desturi ya wanamaji unaijua: jina la meli halitamkwi mpaka siku ya kuiteremsha majini, na wa kulitamka lazima awe mwanamke. Mwanamume hata awe na nyota kuanzia mabegani mpaka magotini, meli haipokei jina kutoka kwake. Basi mji mzima umeacha kazi, unabahatisha kitambaa kile kinafunika jina gani.

Pale kwa Pushkaran muuza chai ndiko bunge lenyewe lilikokaa. Pushkaran anataka meli iitwe Kochi, kwa hoja kwamba mafundi walioijenga walilelewa na ndizi zake za kukaanga. Sainudheen kinyozi akasema wapi, wakubwa wa Delhi watatuchagulia mfalme wa zamani ambaye hata farasi wake hamkumbuki. Nikawaacha wachoke, kisha nikawafundisha. Maana mimi, Dada, nimewapikia wanamaji mpaka mvi, na siri zote za jeshi hupitia jikoni.

Nikawaambia jina la meli halitolewi kama jina la paka. Kuna kamati inakaa Delhi, watu wenye miguu mikavu, na kila aina ya meli ina ukoo wake. Vile vijimeli vya doria hupewa majina ya visiwa. Nyingine huitwa milima, nyingine silaha za kale, nyingine mito. Zile kubwa zinazobeba ndege mgongoni hupewa majina ya ushujaa, kwa sababu mama mzima mwenye ndege thelathini kichwani huwezi kumwita jina la kijito cha kufulia nguo. Na meli ikizeeka ikakatwakatwa vyuma, jina lake halitupwi. Hupewa nyingine, changa. Ni kama sisi: mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, mzee anazikwa, na jina linabaki uani likikimbia bila suruali.

Hapo nikaongeza kwamba jina la manowari moja maarufu, sitaitaja, ni mimi niliyelitoa, siku admirali alipokuwa akila mchuzi wangu wa samaki akaniuliza, Lonappan, tuiiteje hii. Sainudheen akasema mwaka jana ulikuwa mchuzi wa mayai. Nikamwambia admirali alikula vyote viwili, ndiyo maana alifikia cheo kile.

Wakacheka. Halafu Pushkaran, huku anavuta chai yake hewani kutoka kikombe hadi kikombe, akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo limenikaa kama mwiba wa samaki. Akasema, we Lonappan, una kisa cha kila meli uliyopanda. Mbona ile iliyozama hujatupa kisa chake hata siku moja?

Nikaacha chai nusu, nikaondoka.

Ile meli, Dada. Hata mimi naiita "ile meli", kama unavyoiita wewe, kama tunavyoiita wote tangu Inasu mumeo alipokwenda nayo chini katika dhoruba, na mimi nikaopolewa majini kama panya wa ghalani. Wewe ukahamia milimani na mimba ya Davis, mahali ambapo maji pekee ni ya kisima, ukapiga marufuku jina la meli ile lisitamkwe chini ya paa lako. Tukatii. Na Davis alipopata mtoto wa kiume, ambaye kwa haki yake angeitwa Inasu, ukasema jina lililozama halivishwi mtoto. Akaitwa Jobin. Si jina baya, na kijana mwenyewe ana akili, karithi kwa mjomba wa baba yake. Lakini siku ya ubatizo nilikuona, ulikuwa ukitazama ukuta.

Sasa sikiliza. Niliitwa kambini kwa wanamaji. Tuliitwa sote tuliobaki wa ile meli, pamoja na watoto wa wale waliokufa. Anayeshughulikia jambo hili ni ofisa mmoja mwanamke, Luteni Kamanda Revathi, umri wa binti yangu Sheeba, ila huyu anaponiangalia najikuta nimechomekea shati. Akatupa chai (mbovu, nilimwambia) kisha akatuambia kwamba chini ya kile kitambaa hakuna kitu. Hakuna herufi hata moja. Meli hii ni ya ukoo wa mito, na Delhi wamependekeza ichukue jina la ile iliyozama. Lakini kwa kuwa watu walikufa nayo, wamekubaliana wasilichukue jina kwa nguvu. Familia moja ya marehemu ikikataa, basi, watatafuta mto mwingine. India haijaishiwa mito.

Kunjambu akasimama. Unamkumbuka Kunjambu, yule wa chumba cha mitambo, aliyekula harusini kwako mpaka akalala chini ya meza. Akasema, "Jina lililokwenda chini linaijua njia. Mkilipa meli nyingine, litaionyesha."

 Nikaona watoto wa marehemu wanatazamana, nikajua jambo linaharibika, basi nikafanya ninachokijua. Nikamwambia, Kunjambu bwana, wewe una jina la babu yako aliyeanguka kutoka mnazini akafa, mbona mpaka leo hujaanguka ila siku za kunywa tembo? Watu wakacheka, na yeye akacheka, akakaa. Lakini nilikuwa karibu yake, Dada. Mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania ukingo wa meza. Na yangu pia. Tukaificha chini ya meza, wazee wawili kama wezi wa maembe.

Revathi akasema familia zote zimeshakubali, isipokuwa moja ambayo haijajibu. Walikuandikia wewe mara mbili. Davis, usikohoe, najua zile karatasi ziliwasha jiko kabla ya kusomwa. Kisha akasema neno jingine. Siku ya kuteremsha meli, hawataki mke wa mkubwa yeyote aje na sari yake ya hariri kuitaja. Wanataka aitaje mjane wa mmoja wa wale walioko chini. Na mjane aliye hai amebaki mmoja tu. Akanigeukia: dada yako anasemaje?

Nikasema, "Amekubali."

Hivyo hivyo, mbele ya watu, kama mtu anayeagiza maandazi. Revathi akanishika mikono yote miwili. Kunjambu akafuta macho akasingizia vumbi. Nami nikatoka pale nikatembea mpaka kivukoni, nikarudi, nikaenda tena, mpaka muuza karanga akaniuliza kama ninamdai mtu. Maana wewe hukuwa umekubali kitu. Hukuwa umesikia kitu. Nimedanganya sana maishani, samaki, admirali, urefu wa mawimbi, lakini ule wote ulikuwa uongo wangu mwenyewe. Huu nilikuwa nimeuchukua mdomoni mwako.

Asubuhi nikarudi kambini kumwambia Revathi kwamba nimesema uongo. Nilijitayarisha kufukuzwa. Akanivutia kiti akasema, "Mzee, mimi sina haja ya ndiyo. Nina haja ya jibu lake." Watangoja mpaka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu ipite. Baada ya hapo kitambaa kitafunika mto mwingine.

Dada, wewe unanijua, sitakudanganya kwamba sitaki kukaa kiti cha mbele na shati la pasi, Sainudheen akinitazama kutoka nje ya uzio. Nataka sana. Lakini kuna jambo jingine. Siku ile pale kwa Pushkaran, vijana walitaja meli zote za zamani wanazozijua, wakabishana mpaka mate yakakauka. Jina la ile yetu halikutajwa na mtu. Hawalijui. Wale wote wamelala kule chini, na juu yao hapapiti hata jina. Ila likipewa hii mpya, kila asubuhi kijana fulani atalitaja akipokea simu. Mama fulani ataliandika kwenye kifurushi cha achari. Mwingine atalitukana anaposugua sitaha juani. Inasu angefurahi kutukanwa hivyo. Mtu aliyekuwa akiimba vibaya mpaka mitambo inakosa mapigo, angependa kelele.

Na usifikiri mimi ni jasiri kuliko wewe. Jina lenyewe kwa Elamma sijalisema, kwa Sheeba sijalisema, kwa padri sijalisema. Nina visa mia na vyote vimezunguka tundu moja, kama watu wanavyozunguka kisima usiku. Kwa hiyo sasa naungama, na maungamo yangu ni haya. Barua hii yote, na kuku wake, na admirali wake, nimeiandika kwa ajili ya neno moja lililoko mbele kidogo. Nilitaka kupanda basi nije nikuambie ana kwa ana. Nilifika kituoni mara mbili. Nilijua utanikatiza, nami nilijua nitafurahi kukatizwa.

Davis, mwanangu, usimwangalie mama. Vuta pumzi. Soma mstari unaofuata kwa ile sauti unayosomea kanisani.

Chaliyar.

Baba yako Inasu alikufa ndani ya meli iliyoitwa Chaliyar.

Nisamehe, Dada. Limeshatamkwa chini ya paa lako, na aliyelitamka ni mtoto wa Inasu. Nimekuingizia kwa mlango wa nyuma, kama nilivyokuingizia yule mbuzi uliyemkataa. Sasa tazama. Paa lipo? Davis yupo, amesimama, anapumua? Basi.

Ukisema hapana, nitakwenda mwenyewe kumwambia Revathi, kwa maneno yako kama yalivyo, bila kuongeza chumvi, na sitakununia hata Krismasi. Ukisema ndiyo, panda basi la asubuhi, nitakungoja kituoni, na Kunjambu nitamleta akubebee mzigo. Kazi yenyewe ni ndogo. Watapasua nazi, watakukabidhi maua, na utasema nakupa jina hili. Halafu utalitaja. Mimi nitakuwa nyuma yako, nimenyamaza, jambo ambalo peke yake linatosha mtu kusafiri kulishuhudia.

Elamma anakusalimu sana, na anasema ukija usimletee pilipili manga, mletee mume aliyetulia. Sheeba anakusalimu. Msalimie mkwe wako Lissy, mwambie maziwa aliyotutumia yalifika yamekuwa jibini. Mpe Jobin busu la babu yake mdogo, na umwambie siku moja nitampa kisa ambacho sijampa mtu.

Mungu akupe usingizi mwema, magoti mepesi na maji safi kisimani.

Ni mimi, mdogo wako wa damu, mpishi asiyetulia,
Lonappan.

Davis, hii ni yako peke yako, usimsomee. Kama mama amekwambia urudie ule mstari, niandikie leo hii hii, usingoje kesho.