Barua Iliyoruka Milango Mitatu

Mpendwa shangazi,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Ile barua ya mafuriko iliyokuaibisha mbele ya shefu wa kartie, ni mimi niliyeigeuza. Wewe uliniagiza niiandike kwa shefu wa kartie. Mimi niliandika juu yake: Kwa Mheshimiwa Gavana wa Provinsi.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na kitabu cha uraia nilikijua karibu kwa moyo. Wewe ulikuwa shefu wa avenyu, barabara yetu moja tu, ngazi ya chini kabisa. Juu yako alikuwa shefu wa kartie, yaani wa mtaa mzima, kisha burgmestre wa komini, kisha meya wa mji, na juu yao gavana. Niliwaza: ikiwa maturubai ya waliobomokewa na nyumba yanatoka kwa gavana, kwa nini tubishe milango mitatu kwanza? Ukatia sahihi bila kusoma, kwa kuwa uliniamini, na kwa kuwa miwani yako ilikuwa imekwenda na maji.

Mvua ile ilinyesha mchana, tukiwa tumetoka tu shuleni. Mtaro wa juu uliziba, maji yakashuka moja kwa moja kwenye nyumba za matofali ya udongo. Nilikuona umefunga kitenge juu ya magoti, unawatoa wazee kwa mkono. Mama Furaha, aliyekuwa amekimbia vita huko Bule na kupanga chumba kimoja na watoto wake wanne, alibaki na sufuria na kuku mmoja. Walilala kwenye kapela, kile kikanisa chetu.

Kesho yake tulipita nyumba kwa nyumba, wewe mbele, mimi na daftari. Hukuuliza watu ni wangapi. Ulisema, "Munionyeshe masahani." Baba mmoja alidai ana watu kumi na wawili, akatoa sahani sita. Ukacheka: "Basi hawa wengine wanakulaka mu kofia?" Hata yeye alicheka. Lakini kwa Mama Furaha hapakuwa na sahani hata moja, zote zilikuwa zimesombwa. Ukachuchumaa, ukawagusa watoto kichwani mmoja mmoja, ukaniambia, "Andika tano, pamoja na mama yao." Sijawahi kuona mtu akihesabu watu kwa heshima namna ile.

Ndiyo maana naona haya hadi leo. Orodha hiyo safi niliipeleka mahali pasipo pake.

Barua ilipokelewa vizuri ofisini kwa gavana, kisha ikaanza kushuka. Ilishuka kwa meya, ikashuka komini, kila mahali ikigongwa kashe, muhuri wa ofisi, mpaka ikafika kwa shefu wa kartie, pale ilipopaswa kuanzia. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita. Mtoto mdogo wa Mama Furaha alikuwa ameanza kukohoa kwa kulala kwenye saruji ya kapela.

Shefu wa kartie alikuita. Nilisimama nyuma yako.

"Mama Shefu," akasema, "miye nasoma majina ya watu yangu mu barua inatoka kwa gavana? Uliruka siye wote. Uko ndege?"

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Alikupa barua. Uliisogeza mbali na macho, ukaisogeza karibu, na nikaona umeyaona yale maneno ya juu, kwa mwandiko wangu. 

"Nilikosa, shefu," ukasema. "Mvua ilinivuruga kichwa. Unipatie mutu aone manyumba, nianze njia upya."

Hukugeuka kunitazama. Hukuniuliza kitu, siku ile wala baadaye.

Tulianza njia upya kwa miguu. Shefu wa kartie alimtuma mtu wake, naye akathibitisha nyumba zilizoanguka. Burgmestre alifungua madarasa mawili watu wahamie, akatangaza salongo, kazi ya pamoja, ya kuchimba mtaro, na avenyu nzima ikatoka na majembe. Kwa meya tulingoja sana, lakini mashine ilikuja kutoa mawe ambayo majembe yalishindwa. Maturubai yalitoka provinsi mwisho wa yote, na yalikuwa yanalingana na daftari letu. Tukirudi nyumbani uliniambia, kama mtu anayezungumzia bei ya mihogo: "Kila mukubwa iko na mukono yake. Wa chini anajua majina, wa juu iko na motokari. Majina bila motokari, watu wanalala inje. Motokari bila majina, vitu vinaenda kwa wenye kukimbia mbio."

Kitabu changu kilikuwa na mchoro wa ngazi zote. Hakikuwa na sentensi hiyo.

Mtoto wa Mama Furaha alipona. Ila wewe, shefu wa kartie hakukuita tena kwenye mikutano yake, na ulipofariki mwaka jana, jina lililobaki ni "yule mama aliyeruka wakubwa." Wiki iliyopita, nami niko mwaka wa mwisho wa sekondari, maji yalirudi. Papa Anselme, aliyechukua nafasi yako, aliniomba nimwandikie barua, na jirani mmoja akaniambia kwenye bomba la maji, "Usifanye sawa na marehemu." Nilinyamaza, kama ninavyonyamaza kila mara. Usiku ule sikuweza kusoma hata ukurasa mmoja.

Asubuhi nilipita nyumba kwa nyumba na Papa Anselme, nikaomba kuona sahani. Niliandika barua kwa shefu wa kartie, na chini yake nakala kwa burgmestre. Tulipofika ofisini kwa shefu, yule yule wa zamani, kabla hajagonga kashe, nilimwambia kwamba ile barua ya zamani niliigeuza mimi, na kwamba wewe hukujua mpaka ulipoishika mbele yake. Aliweka kashe mezani, akaniambia niyarudie maneno hayo kwa sauti, wa kwenye benchi wasikie. Nikayarudia. Akagonga kashe. Nikapeleka nakala komini, nikangoja ikapokelewa, nikapita kwenye bomba nikawaambia na wamama waliokuwa pale. Kisha nikaenda shule, nikaingia saa ya tatu ya masomo.

Binti wa kaka yako,
aliyekuwa mwandishi wako