Jua la Futi Elfu Ishirini

Sindo, Jumanne. Mawingu tangu asubuhi; paneli za sola pale dukani zimelala tu, na mimi sina subira.

Jina la binti yangu nililipoteza Jumapili mchana, mezani kwa mama mkwe, samaki akiwa bado wa moto.

Nilikuwa nimemwita Akinyi, wa asubuhi. Nikainuka kuleta maji ya kunawa. Niliporudi alikuwa Atieno, wa usiku.

Waluo wengine huangalia saa. Boma hili huangalia jua: kama halijachomoza, mtoto ni wa usiku, basi. Shemeji yangu Otieno alizaliwa ndege wakiimba na ng'ombe wakikamuliwa, na bado akaitwa wa usiku. Sheria yao siikatai. Nakataa kipimo.

Mtoto hakuzaliwa Sindo. Presha ilinipanda mimba ikiwa ya miezi minane, nikakimbizwa Kisumu, na alfajiri tukapakiwa kwenye ndege ndogo ya wagonjwa kwenda Nairobi: mimi, muuguzi na mume wangu. Mtoto hakungoja Nairobi. Alipolia, muuguzi alitaja saa kwa sauti: kumi na mbili na dakika thelathini na moja.

"Saa hiyo nilikuwa nje nafungulia kuku," mama mkwe akasema. "Jua gani?"

"Mama, sisi tulikuwa juu."

"Basi apewe jina la rubani," shemeji akadakia. "Nyar Uriri, hata jua unataka kutuuzia?"

Wakacheka. Nyar Uriri, binti wa Uriri: ndivyo wanavyoniita nikianza kuwashinda.

Ndiyo, nauza. Nilianza na paneli moja ya kuazima, leo nina duka. Jua ndilo linanilisha, na mwendo wake naujua. Siku ile Sindo lilitoka dakika ya arobaini na mbili. Rubani alisema tuko futi elfu ishirini. Ukiwa huko unachungulia ng'ambo ya ukingo wa dunia, jua linakufikia mapema, kama dakika tisa hivi. Tena tulikuwa tumeshaiacha Sindo mbali upande wa magharibi. Hapo weka sita. Kumi na tano. Kwetu sisi lilitoka dakika ya ishirini na saba.

Binti yangu ana dakika nne za jua.

Na hata bila hesabu, nililiona. Wekundu uliingia dirishani, ukapanda mkono wa muuguzi, nikasukuma huku nikiutazama. Chini kulikuwa bado kiza. Nilikuwa nimeshajiambia sitashuka hai kwenye ndege ile, halafu asubuhi ikanijia usoni. Jina nilimpa palepale. Sikuliokota mezani kwa mtu.

Sasa wewe, Baba Akinyi. Najua unasoma ninayoandika kwenye ukurasa huu. Ulikuwa umekaa dirisha la mashariki, umenishika mkono. Jumapili ukachambua miiba ya samaki, kama mgeni.

Kesho tunaenda Homa Bay kumwandikisha mtoto. Usiniambie "tutaongea". Uliliona jua, au hukuliona? Neno moja. Na umwambie mama yako, si mimi, kabla jua la kesho halijatoka.

Tutumie hilo la hapa Sindo, mnaloliamini. Nimekuongezea dakika kumi na tano.