Kabati la Vioo la Vitu vya Baba

Kambarage, Shinyanga,
Jumapili, 14 Julai 2024.

Mpendwa mdogo wangu Selestine,

Marahaba, maana najua hata kwenye barua ungeanza na shikamoo. Hujambo wewe? Suzana na watoto hawajambo? Kile kifua cha mdogo kimepona, au baridi ya huko Tunduru bado inamtesa? Sisi tunapumua. Mama miguu inamvimba na kelele zake ni zile zile, kwa hiyo mzima. Mimi nimevunjika kidole cha mkono wa kulia, ndiyo maana mwandiko umekaa kama wa mtoto wa chekechea. Usicheke.

Ningeweza kupiga simu. Lakini ungenikatiza, nami ningelia, tukamaliza vocha bila neno. Soma mpaka mwisho, halafu ndipo unitukane.

Unakumbuka nilikwambia mwaka huu lazima vitu vya Baba vitoke kwenye sanduku la bati. Nilitaka kabati la vioo la kujengewa ndani ya ukuta wa sebule, kutoka sakafuni hadi darini. Rafu za kioo kinene, milango ya kuteleza, taa ndani, kufuli. Mgeni akiingia tu ajue hapa ni kwa Maduhu, mtemi wa Sungusungu, walinzi wa jadi, aliyewanyima usingizi wezi wa ng'ombe enzi zake. Nilikuwa na kiburi, Sele, cha kuwatosha watu watatu.

Fundi niliyeelekezwa anaitwa Boaz, mtu wa Katoro kule Geita, hodari wa alumini na vioo. Mrefu, mpole, miaka arobaini na kitu, anakunywa chai kwa kupuliza kama mzee. Siku ya kwanza akapima ukuta, akaenda kukata vioo. Jumamosi iliyopita ile, siku moja kabla ya Sabasaba, akarudi navyo. Akaniambia, "Mama Davis, kabati la namna hii halipimwi ukuta peke yake. Hupimwa na vitu vyenyewe. Toa vyote, nijue kila rafu ikae wapi."

Basi nikatandika mkeka sebuleni, nikavipanga. Upinde wa Baba, podo lake, filimbi ya pembe. Halafu vile vingine, ambavyo alituambia tangu utoto kwamba kila kimoja kilikuwa cha mwizi: vigoda, bangili za shaba, kibuyu cha tumbaku, kofia, ile redio ya mkulima. Boaz akawa anashika kimoja kimoja, anaweka futi, anaandika kwa chaki kwenye fremu. Mimi namsimulia huku najisifu. Mungu wangu, nilivyojisifu siku ile!

Akafika kwenye fimbo yenye ng'ombe. Unaijua, tuliicheka sana utotoni, yule ng'ombe wa kuchomwa kwa waya ambaye mkia umeota kichwani. Boaz akaigeuza akaitazama. Akaacha kupima.

"Fimbo hii baba yenu aliipata wapi?"

Nikamwambia kwa mwizi mmoja wa ng'ombe, zamani, mimi niko darasa la sita. Sungusungu walimkamata, akapigiwa kura, akahukumiwa kifo pale pale. Nikamwambia hata jina, maana Baba alipenda kulitaja: Mabula.

Boaz akakaa chini kwenye sakafu. "Ng'ombe huyu nimemchora mimi. Nilikuwa na miaka saba. Mkia niliukosea, baba akacheka mpaka akakohoa, akasema basi asifutwe. Wiki ile ile wakaja kumchukua."

Sele, hapo ndipo mtu mwenye akili angesema pole. Mtu mwenye akili angempa fimbo yake na maji ya kunywa. Mimi nikasema, "Sasa fundi, kama baba yako alikuwa mwizi, kosa la nani?"

Naomba usiruke hapo. Rudia kuisoma, ujue dada yako ana ulimi gani.

Akainuka. Hakunigusa. Alichukua nyundo, akaanza na kioo cha kwanza. Alivipiga vyote tisa, kimoja baada ya kingine, vipande vinaruka mpaka jikoni. Damu ikamtoka mikononi. Kisha akatupa nyundo, akashika fimbo, akaelekea mlangoni. Nikamrukia. Nikamzaba kibao. Nikaivuta ile fimbo, naye akaivuta, akanisukuma nikaangukia vioo. Akatoka.

Ndipo nikatoka barazani nikapiga mwano, yowe la kuita watu. Ule wenyewe, wa kwetu, wa koo wazi, kama walivyotufundisha nyumbani. Nikapiga na neno: "Mwizi! Mwizi!" Nilijua si mwizi. Nilijua kabisa, Sele. Nilikuwa na hasira ya vioo vyangu na ya jina la Baba.

Na mwano wa kwetu hauulizwi. Ukisikia unakimbia na ulichonacho, asiyekimbia anatozwa faini au anashukiwa yeye. Wewe umekulia humo. Walitoka kila upande: vijana wa bodaboda, wauza mitumba, mama mmoja na mchi wake bado una unga. Wakamwona mwanaume anavuja damu ana fimbo mkononi, anakwenda haraka. Walitaka ushahidi gani tena?

Walimpiga kwa mawe, kwa matofali, kwa minyororo ya pikipiki. Sauti ya mfupa ukivunjika mimi sikuwa nimeisikia, sasa naijua. Aliangukia mtaroni karibu na duka la dawa, wakamtoa mtaroni ili wampige vizuri. Nikapiga kelele, "Acheni, si mwizi, ni fundi wangu!" Nani asikie? Sauti ile ile iliyowaita haikuweza kuwarudisha. Nikamlalia juu. Rungu moja likanipata kidole, na jirani yangu ninayeazima kwake chumvi akanivuta mguu akisema, "Toka Mama Davis, una huruma za kijinga." Mwingine alikuwa ameshaleta tairi. Kilichomwokoa na moto ni gari la polisi lililokuwa linapita.

Alikaa hospitali siku tatu. Taya limevunjika, jicho moja limetoka, hawezi kusema. Jumanne alfajiri akafa.

Mkewe, Loveness, alikuwa amefika kutoka Katoro. Nilikwenda nikasimama mbele yake kama mti. Hakulia mbele yangu wala hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu: "Aliiba nini?"

Nikasema, "Hakuiba kitu."

"Basi waambie," akasema. "Nina mtoto darasa la tatu. Boaz aliitwa mtoto wa mwizi mpaka akahama kijiji. Waambie kabla na huyu hajaitwa."

Fimbo nimempa. Najua kwa mila vitu vya Baba ni vyenu nyie wanaume. Ukitaka kugomba, gomba.

Niliporudi nikambana Mama. Nilimuuliza kama Mabula aliiba kweli wale ng'ombe. Alivuta khanga yake mpaka usoni. Akasema ng'ombe walionekana baada ya mavuno, kwenye zizi la shemeji wa yule yule aliyemshtaki Mabula. Baba alijua. Alisema mtemi hawezi kusimama mbele ya watu mia mbili awaambie wameua bure. Kwa hiyo akanyamaza, fimbo akaiweka sandukuni, akatusimulia sisi habari za ushujaa. Sele, mle sandukuni kuna vitu thelathini na saba. Sijui vingapi ni vya namna hiyo.

Polisi wameshaandika: mwizi, ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Wamepita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani alianza yowe. Mtaa mzima kimya. Wananilinda, wananiletea hadi uji. Kaka yetu Mwigulu anasema, "Yowe halina mwenyewe. Nyamaza, mwezi mmoja utapita watu watasahau." Nimemjibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, Mama atayasoma.

Yowe lina mwenyewe. Kesho Jumatatu saa mbili nakwenda kituoni kusema ni mimi, na kwamba nilijua. Wasipoandika, nitarudi keshokutwa. Sijui watanifanya nini, naogopa, lakini nakwenda. Nimemwambia Davis, ametikisa kichwa tu akasema atanisindikiza.

Ninachokuomba wewe ni Mama. Njoo umchukue kabla ya mwisho wa mwezi, maana nikikaa ndani hatakubali kuishi na Mwigulu, watauana kwa maneno. Dawa zake za presha ziko kwenye kopo la maziwa, anakunywa asubuhi na jioni, na husema ameshakunywa wakati hajanywa.

Msalimie sana Suzana na watoto wote. Usiwafiche habari hii. Waambie kulikuwa na fundi anaitwa Boaz Mabula, na hakuwa mwizi, wala baba yake. Mungu akutunze, akujalie kusema kweli mapema kuliko nilivyoisema mimi.

Dada yako akupendaye, hata ukikasirika,

Apolonia Maduhu