Kengele ya Kitanda cha Dirishani

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba huyo wa tumboni bado anakupiga mateke. Mimi sijambo, ila macho yananiwasha kwa kukodolea kompyuta.

Uliniuliza nashughulika na nini siku hizi hapa hospitalini. Muuguzi mkuu wa wodi ya moyo alinijia akilalamika kwamba mgonjwa wa kitanda cha dirishani akibonyeza kengele, taa ya kwenye meza ya wauguzi inachelewa kuwaka. Mkubwa wangu akasema waya umechoka. Tukaubadilisha, na taa ikachelewa vilevile.

Hapo nikashindwa kutulia. Unajua, swichi, kile kisanduku kinachopitisha ujumbe kutoka mashine moja kwenda nyingine, hapa kwetu haijiamulii njia. Inaiuliza kompyuta kuu, halafu inaweka maelekezo kwenye kumbukumbu yake isije ikauliza tena. Lakini kumbukumbu yenyewe ni finyu. Ikijaa, inafuta maelekezo ambayo hayajatumika kwa muda mrefu.

Nilikaa kando ya kisanduku nikichungulia nini kinafutwa, mpaka nikacheka peke yangu. Simu za watu wanaokuja kuona wagonjwa, zinazopiga soga kutwa nzima kwenye mtandao wetu, zilikuwa zimejaza nafasi yote. Kengele, kwa kuwa hubonyezwa mara chache, ndiyo ilikuwa inasahaulika. Ikibonyezwa, swichi inabidi iulize upya, na huko kwenye kompyuta kuu inakuta foleni ya maswali ya simu.

Mkubwa wangu alitaka tuagize swichi kubwa zaidi. Nikamwomba anipe nafasi kwanza. Simu zote za wageni nikazipa elekezo moja la pamoja, na maelekezo ya kengele nikayafunga yasifutwe kamwe. Kisha nikapanda wodini, nikamwomba mgonjwa wa dirishani abonyeze. Taa ikawaka kabla hajaondoa kidole. Muuguzi akashusha pumzi.

Mgonjwa akanigeukia, akasema, "Haya. Sasa unaweza kumwambia dada yako."

Dada, mgonjwa huyo ni baba. Moyo ulimzidia akiwa kwenye ngazi za nyumbani, na kabla hata hajafikishwa kitandani alinikataza nisikuambie mpaka ujifungue. Mchana mmoja alibonyeza kengele mara mbili, na muuguzi alipofika alimkuta midomo imebadilika rangi. Siku hiyo ndipo nilipoacha kuitafuta hitilafu kama fundi, nikaanza kuitafuta kama mtoto. Sikuthubutu kukupigia simu; sauti ingenisaliti.

Sasa anakaa mwenyewe, anagombana na daktari juu ya chumvi, na wiki hii anaruhusiwa kutoka. Usikurupuke kusafiri na hilo tumbo. Nigombeze upendavyo, ila umbakizie na yeye.

Msalimie shemeji. Baba anasema mtoto akiwa wa kike, jina analo tayari.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Waya